Pensheni moja, serikali mbili: Mwingereza na fomu za kodi za Ufaransa

KILA mwaka ifikapo Aprili, katika vijiji vya Dordogne na Charente, kusini-magharibi mwa Ufaransa, meza za chakula za wastaafu wengi wa Kiingereza hugeuka kuwa ofisi. Juu yake hutandazwa barua za pensheni, taarifa za benki za mwaka mzima, kikokotoo na kamusi ya Kifaransa. Ni msimu wa kujaza fomu za kodi ya mapato, na kwa wengi wao ndiyo kazi ngumu kuliko zote tangu wahamie huko.

Ugumu huo una historia yake. Uingereza ilianza kukata kodi moja kwa moja kwenye mshahara, kwa utaratibu wa PAYE, mwaka 1944. Tangu hapo mfanyakazi wa kawaida wa nchi hiyo anaweza kufanya kazi miaka 40 hadi kustaafu bila kujaza hata mara moja fomu ya kutangaza mapato yake. Msomaji wa Tanzania anaifahamu hali hiyo, kwani mwajiriwa asiye na kipato kingine zaidi ya mshahara wa mwajiri mmoja humwachia mwajiri kazi hiyo. Msomaji wa Kenya, ambaye lazima awasilishe hesabu zake kabla ya Juni 30 kila mwaka hata kama mwajiri amekwisha kumkata, ataelewa zaidi jinsi mambo yalivyo Ufaransa.

Ufaransa ilipitisha sheria ya kodi ya mapato Julai 15, 1914, baada ya mvutano wa miaka mingi ambao Waziri wa Fedha, Joseph Caillaux, alikuwa mstari wa mbele. Kwa zaidi ya miaka 100 msingi umekuwa ni ule ule: raia na mgeni mkazi hutangaza wenyewe walichopata. Hata nchi hiyo ilipoanza kukata kodi kwenye chanzo Januari 2019, wajibu wa kutangaza mapato kila mwaka ulibaki palepale. Mstaafu anayelipwa pensheni kutoka Uingereza hakatwi chochote huko kwa niaba ya Ufaransa. Anapaswa kutangaza, kisha serikali humtoza awamu kwa awamu kupitia akaunti yake ya benki, tarehe 15 ya mwezi.

Nani ni mkazi?

Swali la kwanza ni la ukazi. Waingereza wengi huamini kwamba asiyefikisha siku 183 kwa mwaka Ufaransa hahusiki. Hiyo ni nusu ya ukweli. Sheria ya kodi ya Ufaransa, kifungu cha 4 B, inatazama mambo kadhaa: yaliko makazi ya familia au mahali mtu anapokaa zaidi, anapofanyia kazi yake kuu, na kilipo kitovu cha shughuli zake za kiuchumi. Linatosha moja kati ya hayo kumfanya mtu awe mkazi. Mwenye mke na nyumba Dordogne, huku yeye akisafiri kikazi miezi minane kwa mwaka, anaweza kabisa kuwa mkazi. Nchi zote mbili zikimdai, mkataba baina yao ndio unaoamua ni mkazi wa wapi.

Akishakuwa mkazi, anatakiwa kutangaza mapato yake ya dunia nzima, si yale ya Ufaransa tu. Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu husema moyoni kwamba nyumba yake ya kupangisha iko Leeds, kodi yake hulipwa Uingereza, basi Ufaransa haihusiki. Inahusika.

Mwaka wa kwanza una utata wake. Mwaka wa kodi wa Ufaransa huanza Januari 1 na kuisha Desemba 31. Wa Uingereza huanza Aprili 6 na kuisha Aprili 5, tarehe ambayo chimbuko lake ni mabadiliko ya kalenda ya mwaka 1752. Hivyo hati za mwaka ambazo mstaafu hupokea kutoka Uingereza hazilingani na miezi ambayo Ufaransa inaitaka. Inabidi ahesabu upya mwezi kwa mwezi, tena kwa euro. Kwa kawaida watu hutumia wastani wa mwaka wa bei ya pauni, na la muhimu ni kutumia kipimo kimoja kwa mapato yote na kuhifadhi ushahidi wake. Kwa mwaka aliohamia, hutangaza yale aliyopata kuanzia siku alipofika, pamoja na chochote alichochuma ndani ya Ufaransa kabla ya hapo.

Fomu nne za kuanzia

Fomu kuu ni namba 2042. Hii hubeba jumla ya mapato ya kaya nzima, kwani Ufaransa haimtozi kodi mke peke yake na mume peke yake; wanandoa hujaza fomu moja. Fomu 2047 ni ya mapato yote yaliyotoka nje ya nchi, na ndiyo ambayo Mwingereza huanza nayo kabla ya kuhamishia tarakimu kwenye 2042. Mwenye biashara ndogo, chumba cha watalii au shamba huongeza 2042 C PRO. Na kila mwenye akaunti ya benki nje ya Ufaransa hujaza 3916.

Fomu hiyo ya mwisho haiulizi kiasi kilichomo. Inataka jina la benki, namba ya akaunti na tarehe ya kufunguliwa. Lakini ndiyo inayoumiza wengi. Akaunti isiyotangazwa ina faini ya euro 1,500 kwa kila moja, kwa kila mwaka. Mstaafu mwenye akaunti tatu za zamani Uingereza, moja ikiwa na pauni 40 tu, akinyamaza mwaka mmoja anajiweka katika hatari ya faini ya euro 4,500, hata kama hadaiwi senti moja ya kodi. Kufikiri kwamba hakuna atakayejua ni kujidanganya. Tangu Septemba 2017 nchi hizi mbili zimekuwa zikibadilishana taarifa za akaunti za benki chini ya utaratibu wa kimataifa, na kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya hakukuuondoa.

Tangu mwaka 2019 kujaza kwa njia ya intaneti ni lazima kwa kila kaya yenye intaneti nyumbani. Anayejaza mara ya kwanza huhitaji namba ya mlipakodi yenye tarakimu 13, ambayo huiomba katika ofisi ya kodi ya eneo lake. Asipoipata kwa wakati, hujaza fomu za karatasi.

Tarehe za mwisho hutofautiana kwa namba ya mkoa. Mwaka 2025, kwa mapato ya 2024, huduma ya intaneti ilifunguliwa Aprili 10. Wenye fomu za karatasi walipewa hadi Mei 20. Kwa waliotumia intaneti, mikoa ya namba 01 hadi 19, ikiwamo Charente yenye namba 16, ilifungiwa Mei 22. Namba 20 hadi 54, ikiwamo Dordogne yenye namba 24, Mei 28. Na iliyobaki Juni 5. Tarehe hizi hupangwa upya kila mwaka. Anayechelewa huongezewa asilimia 10 ya kodi yake, na akiendelea kukaa kimya baada ya kupewa onyo rasmi nyongeza inaweza kufika asilimia 40.

Pensheni ipi ni ya nani?

Kiini cha jambo lote ni mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili ambao Uingereza na Ufaransa zilitia saini London Juni 19, 2008, ukaanza kufanya kazi Desemba 2009. Huu haukutokana na Umoja wa Ulaya, ni wa nchi mbili. Kwa hiyo Uingereza ilipotoka katika umoja huo Januari 31, 2020, mkataba haukuguswa.

Mkataba unagawa pensheni katika mafungu mawili. Pensheni ya uzeeni inayolipwa na serikali ya Uingereza kwa kila aliyechangia bima ya taifa, pamoja na pensheni za kampuni binafsi, hutozwa kodi Ufaransa peke yake. Lakini pensheni inayotokana na utumishi wa umma, yaani ya askari wa jeshi, polisi, mtumishi wa halmashauri au mwalimu wa shule ya serikali, hutozwa kodi Uingereza peke yake, isipokuwa kama mstaafu huyo ni raia wa Ufaransa asiye raia wa Uingereza.

Mtu angedhani basi pensheni ya ualimu haina haja ya kuandikwa kwenye fomu za Ufaransa. Huandikwa. Ufaransa huitumia kupima uzito wa kipato cha kaya, kisha hutoa unafuu unaolingana na kodi ambayo pensheni hiyo ingelipiwa Ufaransa. Ndiyo maana fomu 2042 ina visanduku tofauti: 1AM kwa pensheni za nje zinazotozwa Ufaransa, na 1AL kwa zile zenye unafuu huo. Kiasi cha mwisho huandikwa tena katika kisanduku 8TK. Kisanduku hicho kidogo ndicho kinachotenganisha kodi moja na kodi mbili.

Hesabu ya mfano

Chukua wanandoa wastaafu wa Kiingereza, wakazi wa Dordogne, wasio na mtoto wa kumlea. Mume alikuwa mhandisi wa kiwanda binafsi. Mke alifundisha shule ya serikali. Mwaka 2024 mume alipata euro 12,000 za pensheni ya uzeeni na euro 18,000 za kampuni. Mke alipata euro 12,000 za uzeeni na euro 18,000 za ualimu. Jumla ya kaya ni euro 60,000.

Sheria hutoa punguzo la asilimia 10 kwenye pensheni, ila kwa mapato ya 2024 punguzo hilo lilikuwa na kikomo cha euro 4,399 kwa kaya. Hubaki euro 55,601. Wanandoa huhesabiwa mafungu mawili, hivyo kiasi hicho hugawanywa kwa mbili na kuwa kama euro 27,800 kwa fungu. Euro 11,497 za mwanzo hazitozwi kodi. Kutoka hapo hadi euro 29,315 hutozwa asilimia 11. Kila fungu basi lina kodi ya kama euro 1,793, na mafungu mawili huwa euro 3,587.

Pensheni ya ualimu ni asilimia 30 ya mapato yao. Unafuu wake ni asilimia 30 ya kodi, takriban euro 1,076. Wanabaki na euro 2,511 za kulipa Ufaransa.

Sasa tuseme wamesahau kisanduku 8TK. Watadaiwa euro 3,587 zote, huku Uingereza ikiendelea kukata kodi kwenye pensheni ile ile ya ualimu. Hapo wametozwa mara mbili, na kosa ni lao. Kinyume chake, tuseme wameficha kabisa pensheni ya ualimu kwa kuamini kwamba haihusiki. Mapato yangeonekana kuwa euro 42,000 na kodi, baada ya nafuu ya kaya zenye kodi ndogo, ingeshuka hadi kama euro 900. Wangekuwa wamelipa pungufu kwa zaidi ya euro 1,600, na siku ofisi ya kodi itakapogundua watadaiwa tofauti hiyo, riba na nyongeza.

Kuna upande wa pili wa hesabu. Pensheni ya kampuni ya mume hukatwa PAYE Uingereza mpaka mamlaka ya kodi ya huko ithibitishiwe kwamba yeye ni mkazi wa Ufaransa. Hufanyika hivyo kwa fomu iitwayo France-Individual, ambayo ofisi ya kodi ya Ufaransa huipiga muhuri kabla haijapelekwa Uingereza. Bila muhuri huo mstaafu hulipa kote kote na kubaki akisubiri kurudishiwa fedha. Raia wa Uingereza anayeishi Ufaransa huendelea kupata kiasi kisichotozwa kodi cha Uingereza, ambacho tangu Aprili 2021 ni pauni 12,570, kwa mapato yale yanayobaki kutozwa huko.

Akiba na bima ya afya

Eneo jingine la kuteleza ni akiba. Uingereza ina akaunti iitwayo ISA ambayo faida yake haitozwi kodi. Msamaha huo huishia mpakani. Kwa Ufaransa, riba na gawio la ISA ni mapato kama mengine, na tangu 2018 hutozwa kiwango kimoja cha asilimia 12.8 kama kodi ya mapato, pamoja na michango ya hifadhi ya jamii. Vivyo hivyo robo ya mfuko wa pensheni ambayo Mwingereza huruhusiwa kuichukua kwa mkupuo bila kodi akiwa kwao. Akiichukua akiwa mkazi wa Ufaransa, hutozwa kodi. Kwa masharti fulani anaweza kuchagua kiwango cha asilimia 7.5, lakini lazima aombe mwenyewe kwenye fomu. Aliyepanga kuhama angefanya hesabu hiyo kabla ya kufunga mizigo.

Kwa michango ya jamii, karatasi muhimu ni S1. Mstaafu ambaye matibabu yake hugharimiwa na Uingereza huipata kutoka kwao na kuisajili Ufaransa. Akiwa nayo, pensheni zake hazikatwi michango hiyo, na kwenye riba na gawio hulipa asilimia 7.5 tu badala ya michango yote. Nafuu hiyo iliendelea hata baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, lakini haiji yenyewe: lazima aweke alama katika visanduku 8SH na 8SI.

Shamba na nyumba ya watalii

Si wote wanaoishi kwa pensheni. Wapo walionunua hekta chache wakafuga kondoo au kuku, au kutunza jozi, zao ambalo huko Périgord lina hati ya kulinda jina la asili. Kwa mkulima mdogo Ufaransa ina utaratibu mwepesi ulioanza mwaka 2016. Mkulima huandika mauzo yake bila kuwasilisha hesabu kamili za gharama, na serikali huchukua wastani wa miaka mitatu, kisha huondoa asilimia 87 kama makadirio ya gharama. Mwenye wastani wa mauzo ya euro 20,000 huhesabiwa kuwa na mapato ya euro 2,600.

Kiuchumi utaratibu huu una mantiki. Wastani wa miaka mitatu humkinga mkulima na mwaka wa baridi kali au wa bei mbaya. Lakini kwa aliyewekeza sana, mwenye trekta la mkopo na ghala jipya, gharama halisi zinaweza kuzidi asilimia 87, na hapo ni heri achague mfumo wa hesabu kamili. Aidha, kodi ya mapato si mwisho wa mambo. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa wakulima, MSA, nao hutoza michango yake.

Wanaopangisha nyumba kwa watalii wanahitaji tahadhari zaidi. Sheria ya Novemba 19, 2024 ilipunguza nafuu yao. Kuanzia mapato ya 2025, nyumba ambayo haijapangiwa daraja rasmi la utalii huondolewa asilimia 30 tu ya mauzo, tena kama mauzo hayazidi euro 15,000 kwa mwaka. Yenye daraja huondolewa asilimia 50, na kikomo chake kwa mapato ya 2025 kilikuwa euro 77,700. Kwa mwenye mauzo ya euro 14,000, kupata daraja kunapunguza mapato yanayotozwa kodi kutoka euro 9,800 hadi euro 7,000.

Daftari kwanza

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mstaafu anayeandika kila mwezi kiasi cha pensheni kilichoingia na bei ya pauni hatapata shida Aprili. Asubiriye mpaka wiki ya mwisho atajikuta akikisia, na kukisia ndiko kunakozaa makosa.

Aidha, anayehamia ajiandae kwa msimu wa vuli wa kwanza. Anapowasilisha fomu zake kwa mara ya kwanza, kodi ya mwaka uliopita hudaiwa kwa pamoja mwezi Septemba, na wakati huo huo awamu za mwaka unaoendelea nazo huanza kukatwa. Aliyetumia fedha zote kukarabati paa atashangaa. Ni busara kuweka kando sehemu ya pensheni tangu mwezi wa kwanza.

Kwa aliyekosea bila nia mbaya, mlango upo. Sheria ya Agosti 10, 2018 ilitambua haki ya mlipakodi kukosea mara ya kwanza akiwa na nia njema, na anayejisahihisha mwenyewe hupunguziwa riba ya ucheleweshaji kwa nusu. Baada ya taarifa za kodi kutolewa mwishoni mwa Julai na Agosti, huduma ya intaneti hufunguliwa tena kwa ajili ya marekebisho hadi Desemba. Kwenda mwenyewe katika ofisi ya kodi ya eneo, na mafaili mkononi, bado ni njia nzuri ya kupata jibu, na haina malipo.

Funzo halibaki Dordogne. Kenya ilitia saini mkataba wake wa kodi na Ufaransa mwaka 2007, na Waafrika Mashariki wanaofanya kazi au kusoma Ulaya huku wakipangisha nyumba Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam hukutana na maswali yale yale: mimi ni mkazi wa wapi, pato hili ni la nani, na akaunti ya nyumbani nimeitangaza? Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Kwa mgeni wa Ufaransa, kufumba jicho ni kukaa mezani Aprili, kuifungua fomu 2047 na kuandika kila kitu, hata ile akaunti yenye pauni 40.